Saa za Mwanga za Atomu na Majaribio ya Misingi ya Fizikia: Tatizo la Istilahi Katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza majaribio ya misingi ya fizikia yanayofanywa kwa kutumia saa za mwanga za atomu. Hoja yetu ni kwamba ugumu hauko katika majina ya vitu, ambayo hukopeka kwa urahisi, bali uko katika majina ya mahusiano: marudio, usahihi, utulivu, shaka na thabiti. Tunaonyesha kwamba uteuzi mbaya wa neno moja unaweza kulifanya jaribio zima lionekane halina maana hata kabla halijafanywa.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1967 yalitokea mambo mawili ambayo kwa kawaida hayatajwi pamoja. Nchini Tanzania, Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya Bunge, na miongoni mwa majukumu yake yakawamo ya kusimamia ukuzaji na usanifishaji wa lugha. Huko Ulaya, Mkutano Mkuu wa 13 wa Vipimo na Mizani uliamua kwamba sekunde isiendelee kufafanuliwa kwa mwendo wa dunia kulizunguka jua, bali ifafanuliwe kwa atomu ya sesiamu. Tangu hapo, sekunde moja ni muda wa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho unaohusiana na mruko kati ya ngazi mbili mahususi za nishati za atomu hiyo.

Maamuzi hayo mawili yana jambo moja la pamoja. Kila kimoja kati ya vyombo hivyo kilikubali kwamba kipimo cha umma hakiwezi kuachiwa mazoea. Anayesanifisha sekunde na anayesanifisha istilahi wanafanya kazi moja: wanahakikisha kwamba watu wawili walio mbali wanapotamka jambo moja wanamaanisha jambo lilelile.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, iliwapa walimu wa sayansi msingi wa kuaminika. Hata hivyo, saa tunazozijadili hapa zilikomaa baada ya kamusi hiyo. Swali letu ni hili: je, Kiswahili kinaweza kueleza majaribio haya kwa ukamilifu, bila kumrudisha msomaji kwenye lugha ya kigeni kila inapofika hatua ngumu? Jibu letu ni ndiyo, lakini kwa masharti.

2.0 Jina la Chombo

Kila saa ina sehemu mbili: kitu kinachojirudia na kifaa cha kuhesabu marudio hayo. Katika saa ya ukutani ya zamani kinachojirudia ni timazi. Katika saa ya mkononi ya kisasa ni kipande cha kwazi. Katika saa ya atomu, kinachojirudia ni wimbi la umeme-sumaku ambalo limerekebishwa mpaka likalingana barabara na mruko wa elektroni kati ya ngazi mbili za nishati. Saa ya kwanza ya sesiamu iliyofaa kwa kazi ya vipimo ilitengenezwa na Louis Essen na Jack Parry katika Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza mwaka 1955. Wimbi lake ni la aina ya maikrowevu. Saa mpya hutumia wimbi la mwanga, yaani leza, na badala ya sesiamu hutumia atomu za strontiamu au iterbiamu, ama ayoni za alumini, iterbiamu na nyinginezo.

Tuiteje saa hiyo? Wepesi wa kwanza ni kusema saa ya atomu ya mwanga. Lakini nomino saa na nomino atomu zote zimo katika ngeli ya I-/ZI-, hivyo kihusishi ya kinachotangulia mwanga kinaweza kurejea lolote kati ya maneno hayo mawili. Msomaji ana haki ya kuelewa kwamba inazungumzwa saa ya "atomu ya mwanga", kitu ambacho hakipo. Tukigeuza mpangilio na kusema saa ya mwanga ya atomu, utata unatoweka. Nomino mwanga imo katika ngeli ya U-/I- na hudai wa. Kwa hiyo ya atomu haiwezi kurejea mwanga, bali hurejea saa pekee. Sarufi yetu imefanya kazi ambayo lugha zisizo na ngeli zingelazimika kuifanya kwa alama za uandishi. Ni kwa sababu hiyohiyo tunalipendelea neno mwanga kuliko nuru, ambalo lingeturudisha kwenye utata tuliokwishauepuka.

Ikumbukwe kwamba mwanga hapa una maana pana. Saa ya ayoni ya alumini hutumia mnururisho wenye urefu wa wimbi wa nanomita 267, ambao jicho la binadamu haliuoni.

3.0 Marudio na Masafa

Dhana ya pili ni idadi ya mara ambazo wimbi hujirudia katika sekunde moja. Katika matangazo ya redio dhana hii huitwa masafa. Neno hili lina asili ya Kiarabu na maana yake ya msingi ni umbali. Maana hiyo ingali hai katika mbio za masafa marefu na makombora ya masafa marefu. Lilipoingia katika redio, katika virai kama masafa mafupi na masafa ya kati, lilitaja urefu wa wimbi, na hapo halikuwa limeiacha maana yake ya umbali. Baadaye lilianza kutumiwa pia kwa idadi ya mitetemo, kama mtangazaji anapotaja masafa ya kituo chake cha FM.

Matokeo yake ni kwamba neno moja linabeba dhana mbili zinazokwenda kinyume: kadiri urefu wa wimbi unavyopungua, ndivyo idadi ya mitetemo inavyoongezeka. Masafa mafupi ya redio ni yale yenye mitetemo mingi kuliko masafa ya kati. Katika mazungumzo ya kawaida kasoro hii haina madhara. Katika fizikia ya saa inaangamiza maana, kwa sababu ubora wote wa saa za mwanga unatokana na wingi wa mitetemo. Wimbi la saa ya sesiamu lina urefu wa zaidi kidogo ya sentimita 3. La saa ya strontiamu ni nanomita 698 tu. Kwa upande wa mitetemo, saa ya strontiamu hutetema takribani mara trilioni 429 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara 46,000 ya sesiamu. Mwenye rula iliyogawanywa kwa milimita hupima vizuri kuliko mwenye rula iliyogawanywa kwa mita. Na mwenye saa yenye mitetemo mingi huigawanya sekunde katika vipande vidogo zaidi. Tunapendekeza, basi, marudio kwa idadi ya mitetemo katika sekunde na urefu wa wimbi kwa umbali, na masafa yaachiwe redio.

Mitetemo mingi kiasi hicho haihesabiki kwa vifaa vya kielektroniki peke yake. Njia ya kuihesabu ilipatikana kwa aina ya leza ambayo mwanga wake una mistari mingi myembamba, yenye nafasi sawa kati ya mmoja na mwingine, mithili ya meno. Kwa kazi iliyohusiana na chombo hicho, Theodor Hänsch na John Hall walipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2005. Wengine wangependa kukiita chanuo. Sisi tunapendelea kitana cha marudio, kwa kuwa chanuo kwa kawaida ni kubwa na meno yake yameachana, ilhali sifa ya chombo hiki ni wingi na ukaribu wa meno.

4.0 Usahihi, Utulivu na Shaka

Katika lugha ya kila siku, neno usahihi hutosheleza haja zetu zote za kusifu kipimo. Katika taaluma ya saa halitoshi. Tuchukue saa ya ukutani ambayo daima iko mbele kwa dakika tano, haiongezi wala haipunguzi. Saa hiyo si sahihi, lakini haitangitangi. Tuchukue nyingine ambayo leo iko mbele kwa dakika moja, kesho iko nyuma kwa dakika moja, lakini wastani wake kwa mwezi ni barabara. Hiyo ina usahihi wa wastani, lakini imekosa sifa ya kwanza. Sifa hiyo, ya mapigo kukubaliana yenyewe kwa yenyewe kadiri muda unavyopita, tunaiita utulivu. Usahihi ni ukaribu wa mapigo hayo na thamani halisi ya atomu isiyosumbuliwa na kitu chochote.

Tofauti hii inaonekana katika aina mbili za saa za mwanga. Katika aina ya kwanza, ayoni moja hunaswa kwa nguvu za umeme na kupoozwa. Ayoni hiyo haisumbuliwi na jirani, kwa hiyo usahihi wake ni mkubwa. Lakini kwa kuwa ni moja, taarifa inayotoa kila mara ni ndogo, na mtafiti hulazimika kukusanya vipimo kwa muda mrefu. Katika aina ya pili, iliyopendekezwa na Hidetoshi Katori wa Japani mwaka 2001, maelfu ya atomu hushikwa katika wavu wa mwanga wa leza, kila moja mahali pake kama mayai katika trei. Wingi wao huleta utulivu kwa haraka. Kikwazo kilikuwa kwamba mwanga unaozishika atomu huzisumbua pia. Katori alitambua kwamba upo urefu wa wimbi ambao huzisogeza ngazi zote mbili za nishati kwa kiasi kilekile, hivyo tofauti kati yake haiguswi. Kwa strontiamu urefu huo ni kama nanomita 813.

Dhana ya tatu ni shaka. Lazima itofautishwe na kosa. Kosa likishajulikana husahihishwa: mtafiti anayejua kwamba joto la chumba limeyasogeza marudio ya atomu kwa kiasi fulani hukiondoa kiasi hicho katika hesabu. Kinachobaki ni kiasi ambacho hakijulikani, na ambacho mtafiti mwaminifu hukitangaza pamoja na jibu lake. Hicho ndicho shaka ya kipimo. Mwaka 2024 watafiti wa taasisi ya JILA huko Boulder, Marekani, walitangaza saa ya strontiamu yenye shaka isiyofikia sehemu moja katika bilioni ya bilioni, yaani 10 kwa kipeo cha 18; mwaka 2025 wenzao wa Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia katika mji huohuo walitangaza saa ya alumini yenye shaka ndogo zaidi. Saa ya kiwango hicho, kama ingaliwashwa ulimwengu ulipoanza, takribani miaka bilioni 13.8 iliyopita, isingalikosea hata sekunde moja hadi leo.

5.0 Wakati na Uvutano

Kwa mujibu wa nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein, wakati hupita polepole zaidi karibu na kitu chenye uzito mkubwa. Juu ya uso wa dunia, kila mita moja ya kupanda huongeza mwendo wa saa kwa takribani sehemu 1.1 katika 10 kwa kipeo cha 16. Hesabu hii inaonyesha kwamba saa iliyowekwa katika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ingeitangulia saa iliyo usawa wa bahari kwa kiasi cha milioni 20 za sekunde kwa mwaka, tukimaanisha sehemu 20 za sekunde iliyogawanywa kwa milioni.

Sentensi hiyo ya mwisho tumeiacha kwa makusudi, kwa sababu inadhihirisha matatizo mawili. La kwanza ni la namba: milioni 20 za sekunde husomeka kwanza kama sekunde milioni 20, ambazo ni zaidi ya miezi saba. Sehemu ndogo lazima ziandikwe kwa neno sehemu au kwa kiambishi cha vipimo, yaani maikrosekunde 20. La pili ni la kitenzi. Tunaposema saa imetangulia au imechelewa, Kiswahili hudokeza kwamba saa hiyo ina hitilafu na fundi aitwe. Katika nadharia ya uhusianifu hakuna saa iliyoharibika. Zote mbili ni sahihi, na kinachotofautiana ni wakati wenyewe wa mahali zilipo. Kwa hiyo, mwandishi aseme wakati hupita haraka zaidi kileleni, na avihifadhi vitenzi kutangulia na kuchelewa kwa hitilafu za kweli.

Majaribio yamethibitisha utabiri huo kwa hatua za kushangaza. Mwaka 1976 saa ilipandishwa kwa roketi hadi kimo cha takribani kilomita 10,000 ili tofauti iweze kupimika vizuri. Mwaka 2010, huko Boulder, James Chou, David Wineland na wenzao waliinua moja kati ya saa mbili za alumini kwa sentimita 33 tu, na tofauti ikaonekana. Mwaka 2020 Katori na wenzake walilinganisha saa mbili za strontiamu, moja chini na nyingine juu katika mnara wa Tokyo Skytree, zikipishana kwa kimo cha mita 450. Matokeo yaliafikiana na nadharia kwa kiwango cha karibu sehemu moja katika 10,000. Mwaka 2022 kundi la Jun Ye lilipima tofauti hiyo ndani ya wingu moja la atomu lenye urefu wa milimita tu. Jambo lililohitaji roketi sasa linafanyika ndani ya chombo kimoja juu ya meza.

6.0 Je, Kisichobadilika Hubadilika?

Tunafikia sasa dhana iliyotusukuma kuandika makala haya. Fizikia ina namba ambazo hazitokani na nadharia yoyote bali hupimwa tu. Mojawapo, ijulikanayo kwa herufi alfa, hueleza nguvu ya mwingiliano kati ya mwanga na chembe zenye chaji. Thamani yake ni karibu sana na 1 kugawanya kwa 137. Ilianzishwa na Arnold Sommerfeld mwaka 1916. Alfa haina kizio: si mita wala kilo. Kwa hiyo ikionekana imebadilika, hakuna atakayeweza kudai kwamba kilichobadilika ni rula.

Mwaka 1937 Paul Dirac aliuliza iwapo namba za aina hii hubadilika kadiri ulimwengu unavyozeeka. Ushahidi umetafutwa kila mahali. Huko Oklo, nchini Gabon, iligunduliwa mwaka 1972 kwamba urani iliyo ardhini iliwahi kuendesha yenyewe mmenyuko wa nyuklia karibu miaka bilioni 2 iliyopita. Mabaki yake yalitumiwa kuonyesha kwamba alfa ya wakati ule haikutofautiana sana na ya leo. Mwaka 1999 John Webb na wenzake, wakichunguza mwanga wa magimba ya mbali sana, walitangaza dalili za tofauti ndogo, na dai hilo limeleta ubishi mrefu. Saa za mwanga zimeleta njia ya tatu. Aina mbalimbali za mruko huitegemea alfa kwa viwango tofauti; hivyo, alfa ikibadilika, uwiano wa marudio ya saa mbili utabadilika pia. Mwaka 2008 ulinganisho wa saa za alumini na zebaki ulionyesha kwamba badiliko, kama lipo, halizidi sehemu chache katika 10 kwa kipeo cha 17 kwa mwaka. Mwaka 2023 watafiti wa taasisi ya vipimo ya Ujerumani iliyoko Braunschweig, wakitumia miruko miwili ya ayoni ya iterbiamu, walikifikisha kikomo hicho kwenye sehemu chache katika 10 kwa kipeo cha 19. Vipimo hivyohivyo vilitumiwa kutafuta mtikisiko wa alfa ambao ungesababishwa na aina fulani ya maada giza; haukuonekana.

Namba hizi tuziiteje? Ipo tabia ya kutafsiri kwa kisichobadilika. Tuitazame sentensi hii: wanafizikia wanachunguza iwapo kisichobadilika hubadilika. Msomaji makini ataicheka, naye atakuwa na haki. Sababu ni ya kisarufi. Urejeshi kanushi wa -si- hauchukui kiambishi cha njeo. Hukanusha kwa nyakati zote, zilizopita na zijazo. Anayekiita kitu kisichobadilika amekwishatoa hukumu, na jaribio linakuwa kejeli. Lugha imelijibu swali ambalo maabara bado inaliuliza.

Tunapendekeza neno thabiti, litumike kama nomino ya ngeli ya I-/ZI-: thabiti ya asili, thabiti za asili. Wapo watakaohoji kwamba thabiti ni kivumishi. Jibu ni kwamba Kiswahili kinayo maneno mengi, kama vile maskini na tajiri, yanayotumika kwa dhima zote mbili. Wengine watapendelea kukopa na kusema konstanti. Hatuna chuki na mkopo, lakini neno hilo la Kilatini asili yake ni kusimama imara, maana ileile ya thabiti. Tunakopa kitu tulicho nacho. Zaidi ya hayo, thabiti ina jamaa ambaye mkopo hauna: kitenzi kuthibitisha, cha mzizi uleule wa Kiarabu. Thabiti ya asili ni thabiti kwa kadiri ilivyothibitishwa, na si zaidi. Uhusiano huo unaieleza falsafa nzima ya majaribio haya kwa neno moja. Na ndiyo sababu katika sehemu ya 4.0 tuliepuka kuiita sifa ya saa uthabiti: neno hilo tulilihitaji hapa.

7.0 Hitimisho

Kutokana na mjadala huu tunaweza kutoa kanuni moja: majina ya vitu yakopwe, majina ya mahusiano yaundwe. Strontiamu, iterbiamu na leza hazimdhuru msomaji wa Kiswahili. Atajifunza kama anavyojifunza jina la mji mgeni. Lakini marudio, utulivu, shaka na thabiti ni viungo vya hoja. Kiungo kikiwa na utata, hoja huvunjika.

Suala hili si la baadaye. Mwaka 2024 watafiti wa Ulaya na Marekani waliweza kukisisimua kwa leza kiini cha thoriamu-229, hatua inayotarajiwa kuzaa saa ya kiini, ambayo huenda ikahisi badiliko la thabiti za asili kwa ukali wa maelfu ya mara kuliko saa za sasa. Mwaka 2022 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ulikwishaagiza maandalizi ya ufafanuzi mpya wa sekunde, na mwaka 2030 ndio unaotajwa kuwa lengo. Ufafanuzi huo utakapopita utaingia katika vitabu vya shule kila mahali. Ni wajibu wa idara za Kiswahili, zikishirikiana na wanafizikia, kuhakikisha kwamba mwanafunzi atakayeusoma kwa Kiswahili hataambiwa kwamba masafa mafupi ni marudio machache, kwamba saa ya kileleni ni mbovu, au kwamba wataalamu wamepoteza miaka wakichunguza kama kisichobadilika hubadilika.